Hendeli Iko Wapi?

(Maneno niliyowaambia vijana wa ufundi, walimu na wazazi wao hapa Moshi, siku ya maonyesho ya kazi za mikono. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na yale niliyoropoka nje ya karatasi.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi mliofunga biashara zenu kuja hapa, na ninyi vijana mliojibanza nyuma kwa kuwa mnajua maswali huanzia mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu aliyenialika alisema nieleze tu nilivyolitengeneza gari. Mama watoto akaniambia niombe Mungu wasiniulize kwa nini, maana swali hilo yeye ameniuliza miezi kumi na minne na hajapata jibu la kueleweka. Fundi bodi mzima, aliyenyoosha magari ya watu mjini hapa zaidi ya miaka thelathini, mwenye wajukuu, anakesha mezani akitengeneza gari la polisi lisiloweza kubeba hata panya.

Gari lenyewe ni lile pale, chini ya kanga. Kanga nayo ni ya mama watoto, na nimeambiwa irudi. Sitalifunua sasa hivi kwa sababu nawajua. Nikilifunua hamtanisikiliza tena.

Basi nianze na hilo la kwa nini, nilimalize.

Nilizaliwa huko juu, upande wa Old Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, asubuhi moja, Land Rover ya polisi ilipanda kijijini kumfuata jirani yetu, mama mmoja aliyesemekana anapika gongo. Watoto tuliposikia mlio wake tukatawanyika migombani. Wenzangu walikimbia vizuri, mimi nikakimbia vibaya. Niliteleza nikaangukia kwenye mfereji, hatua tano tu kutoka gari lilipoegeshwa. Nikaona nikiinuka nitaonekana, basi nikalala humo humo, maji ya mlimani yakinipita tumboni, macho yangu yakiwa usawa wa gurudumu la nyuma.

Askari walikaa kitambo. Sikuwaona wao, niliona ribiti, zile pini za kubana bati na bati. Safu ya vichwa vidogo vya mviringo imepita ubavuni mwa gari, kimoja baada ya kingine, kama siafu wanaohama. Nilivihesabu mpaka nikapotea, nikaanza upya. Gongo haikupatikana, jirani akaachwa, na mimi nikachapwa kwa kurudi nyumbani nimelowa.

Wiki ile nilitengeneza gari la polisi kwa kopo la mafuta ya kupikia, na magurudumu ya malapa ya baba, ambayo yaliniletea kipigo cha pili. Wenzangu walilisifu. Mimi sikulipenda. Halikuwa na ribiti hata moja.

Hilo ndilo jibu. Mama watoto, umelisikia.

Sasa gari lenyewe. Vijana mnaijua difenda, ile inayopita na askari wamekaa nyuma wanatazamana. Jina la Defender lilianza kutumika mwaka 1990, na kiwanda kikaacha kuitengeneza Januari 2016. Ninayoizungumzia ni babu yake. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa watu Amsterdam mwaka 1948, na aliyeibuni ni Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza. Vita vimeisha, chuma kwao ni cha mgao. Ninyi mgao mnaoujua ni wa umeme, sisi tuliokuwapo miaka ya 1980 tunaujua pia wa sukari na sabuni, basi wenzetu walikuwa na mgao wa chuma. Kilichokuwapo ni alumini, maana viwanda vilikuwa vimetoka kutengeneza ndege za vita. Ndiyo maana chesisi ya Land Rover, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na bodi yake karibu yote ni alumini. Alumini ya namna ile haikubali kuchomelewa ovyo kama bati la chuma, kwa hiyo sehemu nyingi wakazibana kwa ribiti. Ribiti zangu za mfereji zinatokana na shida ya Waingereza ya chuma.

Fundi bodi yeyote hapa atakwambia faida ya pili. Bodi haili kutu, inayooza ni chesisi. Utakuta Land Rover bodi inang'aa, ukiigonga chini chesisi inamwagika kama chapati kavu.

Nililotengeneza ni ile ndefu, ya inchi 109. Hizo inchi ni umbali wa kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Fupi yake ni inchi 88. Zote mbili zilikuwa gari za inchi na futi, zimechorwa na watu wa inchi na futi, na hapo ndipo nilipopata skeli yangu, yaani kiasi cha kulipunguza gari, bila kumuuliza mtu. Ukigawa kwa 12, futi moja inakuwa inchi moja. Futikamba yako ya kawaida, ile ya fundi seremala, inageuka kuwa kitabu cha majibu. Gurudumu hadi gurudumu: inchi 109 gawa kwa 12 ni inchi tisa na upande wa ukucha, au milimita 230.7 kwa wanaopenda milimita. Rimu ya inchi 16 inakuwa inchi moja na theluthi. Wanaonunua vigari vya dukani watawaambia skeli ya 1 kwa 24, au 1 kwa 43. Ni nzuri kwa kabati. Kwa mikono iliyozoea nyundo, kumi na mbili inatosha kuwa ndogo.

Kupata vipimo ni kama upelelezi, na hapa nitazungumza kipolisi kidogo. Nilikuwa na mashahidi watatu.

Wa kwanza ni picha. Kuna mzee jirani yangu, dereva wa polisi mstaafu, aliyepita chuo cha polisi cha hapa hapa Moshi, kile tunachokiita CCP. Watoto wa mtaa wanamwita Babu Afande. Ana picha moja nyeusi na nyeupe, kubwa kama kiganja: yeye kijana, kaptula ya kaki, amesimama mbele ya Land Rover yake kama mtu aliyeoa juzi.

Wa pili ni chuma chenyewe. Kwenye uwanja wa skrepa upande wa Pasua kulikuwa na Land Rover ndefu imelala juu ya mawe, haina injini wala viti, kuku wanatagia kwenye buti. Mwenyewe aliniruhusu niipime kwa malipo ya soda mbili kila Jumapili. Niliipima Jumapili saba.

Wa tatu ni Babu Afande mwenyewe, kumbukumbu yake.

Mnadhani mashahidi watatu wakisimama pamoja mambo yananyooka. Hawakukubaliana! Picha ilionesha taa kubwa za mbele zimekaa ndani, pande mbili za wavu wa rejeta, karibu karibu kama macho ya bundi. Skrepa yangu taa ziko kwenye madigadi. Nusura nitengeneze gari lenye uso wa mwaka mmoja na mwili wa mwaka mwingine, na siku hiyo ningekuwa nimetengeneza gari ambalo halijawahi kuwapo duniani. Maelezo yake ni haya. Mpaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 taa zilikuwa katikati, kisha wakazihamishia kwenye madigadi ili kutii sheria za taa za baadhi ya nchi walizouzia. Mwaka 1971 likaja toleo la tatu, na hilo ndilo lililokuwa chini ya kuku. La kwenye picha ni toleo la kabla yake. Bodi kwa sehemu kubwa ni ile ile, inchi 109 ni zile zile, lakini wavu wa mbele wa zamani ni wa waya na wa toleo la tatu ni wa plastiki. Ndani ya gari la zamani saa za spidi na mafuta zimekaa katikati ya dashibodi, kwenye toleo la tatu zimesogezwa mbele ya dereva.

Kwa hiyo shahidi wa skrepa nilimwamini kwa vipimo vya ubavu, milango, sakafu na chesisi. Usoni na kwenye dashibodi nikamwambia asante, kaa chini.

Oktoba 2024 Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa tamasha lao, watu walikwenda kupiga picha na kula nyama. Mimi nilipanda basi na futikamba, kalipa ya kupimia unene na matundu, na daftari, nikawa naomba ruhusa ya kulala chini ya magari ya watu. Wengine waliniangalia kama mwizi wa saiti mira. Mmoja mwenye gari la zamani, macho ya bundi, akaniachia saa nzima. Nilipima wavu wake tundu kwa tundu. Nilirudi Moshi shati halifai hata kwa kudekia.

Kuhusu huo wavu, Babu Afande aliapa kwamba safarini walikuwa wakiufungua na kuchomea nyama juu yake. Nilidhani ni chumvi za wazee, lakini hadithi hiyo inasimuliwa na madereva wa Land Rover kila pembe ya dunia. Wangu mimi ni wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Hauwezi kuchoma hata kumbikumbi, lakini matundu yake yanakaribia sana skeli.

(Hapa umeme ulikatika. Niliendelea bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma ikabidi wasogee mbele, jambo ambalo mwalimu alikuwa ameshindwa kulifanya tangu asubuhi.)

Sogeeni, sogeeni. Hapa ndipo nilipoumia, msiumie tena.

Nilichora ubavu wa gari kwenye karatasi, kwa skeli, taratibu, siku nne. Nikaogopa kuukata mchoro halisi, basi nikaenda kutoa kopi mjini. Nikabandika kopi kwenye bati, nikakata ubavu wa kushoto, sakafu na milango. Ubavu wa kulia nikaukata kwa kupima moja kwa moja kwenye mchoro wa asili, maana kopi ilikuwa imechanika. Wiki ya tatu naviunganisha, kulia na kushoto havilingani, tofauti milimita nne na ushee. Nikadhani nimezeeka. Nikapima mchoro: 230.7. Nikapima kopi: 226. Mashine ya kopi ilikuwa imepunguza asilimia mbili hivi, kimya kimya. Kwa barua ya kuomba kazi, asilimia mbili haina madhara. Kwa gari, mlango hauingii kwenye fremu yake.

Dawa yake ni ndogo mpaka inatia hasira. Kabla hujatoa kopi, chora pembeni mwa karatasi mstari wa sentimita kumi kamili. Kopi ikitoka, pima mstari kwanza. Yule kijana wa kopi sikumlaumu, alinitoza shilingi zake na akanipa karatasi yangu. Wiki tatu zilikwenda na maji.

Sasa bati. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye utamu.

Alumini ya bodi niliyoipima pale Pasua, penye rangi iliyobanduka, ni kama milimita 1.2. Gawa kwa 12: milimita 0.1. Nikajiuliza nitapata wapi bati la sehemu moja ya kumi ya milimita, na wakati najiuliza nilikuwa nimeshika kopo la soda. Ukuta wa kopo la soda ni unene huo huo. Alumini kwa alumini, unene kwa unene, skeli kamili! Nilifurahi nikamwamsha mama watoto saa sita usiku kumwonesha kopo.

Furaha ilidumu mpaka asubuhi. Bati la kopo linashika umbo la kidole chako kabla hujaamua. Unalishika, limebonyea. Unalinyoosha, limepata kovu. Land Rover ya kweli, ukiiegemea haibonyei, kwa sababu ubavu ule ni mkubwa na una mbavu za ndani. Unene ukiugawa kwa 12, ugumu hautoki umegawanyika kwa 12. Unaporomoka. Kwa hiyo yule fundi anayejivunia kwamba kila kitu chake kimegawanywa sawasawa, mwacheni ajivunie, gari lake litakufa mikononi mwa mtoto wa kwanza.

Nilikwenda kwa wachapaji. Mitambo yao inatumia mabati membamba ya alumini, wakishachapa kitabu wanayatupa au kuyauza kwa kilo. Unene wake ni milimita 0.3 hivi. Hilo ndilo likawa mwili wa gari. Ukilikunja halisumbui, ukilikata kwa mkasi wa bati halichaniki. Ubaya wake, lina maandishi. Ndani ya paa la gari lile pale kuna ukurasa wa kitabu cha hesabu cha darasa la tano, umegeuzwa. Sikuufuta.

Lakini milimita 0.3 kwa skeli ni sawa na bati la milimita 3.6, yaani kifaru. Jicho halioni unene wa bati katikati, linauona kwenye ukingo tu. Basi kila mahali ukingo unapoonekana, mlango unapofunguka, madigadi yanapoishia, nimeupiga tupa kwa ndani mpaka umekuwa mwembamba kama wembe, na pengine nimekunjia bati la soda juu yake. Katikati ni mchapaji, pembezoni ni soda. Ukitazama utaapa gari zima ni soda.

Ribiti je? Nilijaribu sindano butu ya cherehani, nikigonga kutoka nyuma juu ya kipande cha mpira, moja baada ya nyingine. Zilitoka zimelewa. Kisha nikavunja saa ya mezani iliyokufa, nikachukua gurudumu lake la meno, nikalitia mpini, nikaliburuza pembeni mwa rula. Trrrrr. Safu nzima imenyooka, vichwa vidogo vya mviringo. Kichwa cha ribiti pale skrepa ni kama milimita 8, changu ni pungufu kidogo ya 0.7. Ziko mia sita na kitu. Zamu hii sikupotea hesabu, nilipotea usingizi.

Vioo ni eksirei ya mkono wangu niliouvunja zamani. Loweka eksirei kwenye jiki, ule weusi wote unatoka, inabaki plastiki safi yenye ubluu kwa mbali. Kioo cha mbele cha Land Rover ni vipande viwili, na vyote ni bapa, havina tumbo kama vya magari ya siku hizi, kwa hiyo eksirei inakaa vizuri mno. Matairi ni soli kutoka kwa fundi viatu, nimezungusha kwenye drili na kuzikata kashata kwa msumeno wa chuma. Hayo nayapita.

Springi zilinifundisha hesabu niliyokuwa nimeiruka shuleni. Nilizikata kwenye zile bendi za chuma za kufungia marobota ya mitumba, nikapanga bapa tatu tatu, nikazikunja kama za kweli. Nikaliweka gari juu ya magurudumu. Likasimama juu juu, miguu imekakamaa, kama mbuzi aliyesikia jina la sikukuu. Nikampelekea mwalimu wa fizikia, yule pale aliyevaa tai, akacheka. Akaniambia urefu unagawa kwa 12, upana kwa 12, kimo kwa 12, kwa hiyo uzito unagawa kwa 12 mara tatu, yaani 1,728. Gari la tani moja na nusu linatakiwa kubaki na gramu 870 hivi. Springi hazina habari hizo. Nikatoa bapa moja kila upande, nyingine nikazipunguza kwa tupa, kisha nikaenda kwa mtu wa matairi nikaomba vile vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu. Nikavificha ndani ya tangi la mafuta chini ya kiti. Likakaa. Ukilibonyeza linashuka polepole na kupanda polepole, kama gari linalojua lina safari ya Same.

Rangi sasa, na aibu yangu ya pili. Mimi nimepiga rangi magari mangapi? Nikajiona najua. Nikapiga ya mafuta kwanza, ikakauka juu juu, kwa haraka zangu nikarudia na duko, ile rangi ya magari inayokauka upesi, juu yake. Dakika tatu haikufika, bodi nzima ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kila mwanafunzi wangu wa gereji nimemkemea kwa kosa hilo. Nilifunga mlango ili wasinione, nikaifuta yote kwa tina, na ribiti mia sita nikazisafisha kwa mswaki.

Rangi gani? Picha ni nyeusi na nyeupe, skrepa ni toleo jingine. Nikamwendea Babu Afande na vibao saba vya bluu. Akavikataa vyote. Wakati huo mjukuu wake anaingia kutoka shule, mzee akamnyooshea mkongojo: "Sweta hilo. Lakini likishafuliwa muhula mmoja." Paa, akasema, ni rangi ya maziwa mgando, na Land Rover nyingi za wakati ule kweli zilikuwa na paa la rangi hiyo. Juu ya paa kuna bati la pili, limeinuliwa kidogo ili hewa ipite katikati na jua lisiwakaange waliomo. Hilo msilisahau mkitengeneza Land Rover ya nchi za joto.

Lakini nilipopata bluu ya sweta na kuipiga kama ilivyo, kigari kilionekana cheusi. Hili wachoraji wanalijua, mafundi bodi tulikuwa hatulijui. Kigari ukikitazama ukiwa nusu mita, kwa skeli hii ni kama umesimama mita sita kutoka gari la kweli. Gari la kweli ukiwa mita sita, hewa na mwanga vimeshaipausha rangi yake kidogo. Kwa hiyo nilitia nyeupe tone kwa tone mpaka Babu Afande akaacha kukunja uso. Mng'aro nao nikaukata kwa msasa namba 1200 na maji. Gari linalong'aa kama pipi linajitangaza kuwa la kuchezea.

Vumbi ni la kweli, la upande wa Sanya. Ila punje ya vumbi haisikii habari za skeli. Ukilimwaga hivi hivi, gari linaonekana limepita kwenye kokoto. Nililikoroga kwenye ndoo ya maji, nikangoja mazito yatue chini, yale yaliyobaki yanaelea nikayakausha kwenye sahani. Unga wake ni laini kuliko poda ya mtoto.

Sasa nimtaje shahidi wa nne, ambaye ni mimi. Mimi niliyelala mfereji ule nilikuwa na hakika juu ya paa kulikuwa na taa ya bluu inayozunguka. Ningeapa. Niliitengeneza kwanza kuliko kitu chochote, kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya mafua, ikawaka kabisa kwa betri. Siku nilipompelekea Babu Afande gari limekamilika, nikamsalimu, "Shikamoo afande," akaitikia, akavaa miwani, kitu cha kwanza akaiwekea taa ile kidole.

"Hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia nimeiona kwa macho yangu.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba, nane."

"Basi umeiona juzi, ukaipeleka kule." Akanirudishia picha yake. Paa tupu. Nilikuwa na picha ile miezi kumi na miwili ukutani mbele ya meza yangu, na kila siku nilikuwa naitazama bila kuiona. Taa niliing'oa usiku ule, tundu nikaliziba kwa puti. Mwenye macho makali ataliona kovu.

Kibao cha namba kiko kitupu. Pichani Babu Afande amesimama mbele yake, na yeye amesahau namba. Mpwa wangu akaniambia niweke yoyote tu, nani atajua. Nikamwambia aniache.

Basi mzee aliendelea kukagua. Akafungua milango, ikafunguka. Akasukuma vioo vya milango, vikateleza. Akakuta ndani vile vishikio viwili vya gia ndogo, chenye kichwa cha njano na chenye kichwa chekundu, akatikisa kichwa kidogo, kwa mtu kama yeye hiyo ni sifa kubwa. Kisha akaligeuza, akaitazama bampa ya mbele. Katikati ya bampa kuna tundu. Nilikuwa nalionea fahari tundu lile, kwa sababu wengi wanalisahau. Ndimo inamopita hendeli ya kuwashia injini kwa mkono.

Akaniuliza, "Hendeli iko wapi?"

Sikuwa nayo. Tundu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelipima kwa kalipa kule Arusha, na haikunijia kabisa kwamba tundu lina mwenzake.

"Saa kumi alfajiri uko Tarakea," akasema, "baridi ya mlima, betri imekufa, una mahabusu wawili nyuma na bosi wako amelala kiti cha mbele. Utaliwashaje?"

Nikanyamaza. Mzee wa miaka themanini na kitu alikuwa ananihoji kana kwamba gari nimelipokea zamu yangu na sikulikagua.

Nilirudi nyumbani nikakata spoku ya baiskeli, nikaikunja mara mbili, nikaitia kishikio cha mbao ya mchongoma. Asubuhi nikampelekea. Aliishika kwa vidole viwili, mikono inamtetemeka siku hizi, akaikosa bampa mara ya kwanza, mara ya pili ikaingia. Akaizungusha nusu, akasimama. Akanigeukia: "Dole gumba usilizungushie kwenye mpini. Injini ikirudisha kinyume inalivunja." Halafu akaizungusha mzunguko mzima, dole gumba limelala pamoja na vidole vingine, upande mmoja.

Haya, mwalimu ananionesha saa.

Tutapita kwa mistari miwili, wadogo mbele. Mlango wa kushoto unabana kidogo, msiulazimishe. Atakayetaka kulibonyeza aone springi abonyeze juu ya boneti, asibonyeze paa. Hendeli imefungwa nyuma ya kiti cha dereva, upande wa kulia. Mnaruhusiwa kuitoa na kuijaribu, mmoja mmoja, mradi airudishe mahali pake kabla ya kumpisha mwenzake. Wenye soda waziache kwenye viti, na makopo msiyatupe, yaleteni kwangu. Mama watoto, njoo ushike upande ule wa kanga.